Rudi Ukiguswa

Ndugu msomaji, leo sikuandikii hadithi. Wale marafiki wanaoniuliza kila wiki riwaya yangu imefika wapi, na wasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nikiwa Kidato cha Nne, na nimeona heri nilitoe hapa mbele ya vijana wenzangu wenye kalamu kuliko kuendelea kulimeza.

Jambo lenyewe ni karatasi. Karatasi moja ya daftari, ile ya mistari, imekunjwa mara mbili. Ilisukumwa chini ya mlango wetu pale Huruma, Nairobi, usiku mmoja wa Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa naamka wa kwanza, saa kumi na moja alfajiri, ili niwahi masomo ya asubuhi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiokota. Ilikuwa imeandikwa hivi:

"Mnajijua. Hapa si kwenu. Mna siku saba. Siku ya nane msimlaumu mtu."

Basi. Hakuna jina, hakuna sahihi. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza, herufi zimesimama sawasawa, na Kiswahili hakikuwa na kosa hata moja. Wazo la kwanza lililonijia mpaka leo naona haya kulisema: niliwaza kwamba aliyeandika hii alikuwa akipata alama nzuri za insha. Hofu ilikuja baadaye, nilipomwona mama anaisoma mara ya pili na midomo yake haisogei.

Najua swali ulilo nalo mdomoni. "Kwani nyinyi ni watu wa wapi?" Sikuambii. Na ukiona huwezi kuendelea kusoma mpaka ujue, basi jiulize mwenyewe kwa nini. Nitakuambia hili tu: wiki ileile, vichochoro viwili kutoka kwetu, kuna familia zilizopata karatasi kama hiyo, na hao walikuwa wa kabila jingine kabisa. Huenda walioandika huko walikuwa watu wa kwetu. Ugonjwa huu hauna upande.

Mama alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akaniambia nimsindikize kituo cha polisi. Tulipanga foleni. Afande aliyekuwa kaunta aliisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine, akamrudishia.

"Mama, kuna mtu amekugusa?"

"Hapana, afande."

"Kuna kitu kimechomwa? Kimeibwa?"

"Bado."

"Sasa mimi niandike nini kwa OB? Hii ni karatasi tu. Nenda nyumbani. Rudi ukiguswa."

Sikumchukia yule afande. Alikuwa amechoka, na nyuma yetu kulikuwa na mtu aliyepasuliwa kichwa anasubiri kuandikishwa. Lakini maneno yake mawili nimeyabeba miaka yote hii, kwa sababu si yake peke yake. Ndiyo imani ya nchi nzima. Tunaamini kwamba kitisho si kitu mpaka damu itoke, kwamba mtu akitishwa ni maneno, na maneno hayavunji mfupa. Mimi nasema huo ni uongo, na leo nataka kuupiga vita.

Hebu tupige hesabu, maana wakubwa wetu hupenda takwimu. Mama alikuwa na kibanda cha chapati na madondo karibu na steji ya matatu. Tulihama siku ya tano. Pikapu ya kutubebea vyombo ilikuwa shilingi 3,500. Pesa alizoweka amana tulipoingia kwenye ile nyumba, shilingi 4,000, mwenye ploti alikataa kuzirudisha kwa sababu, ati, hatukumpa notisi ya mwezi mmoja. Sisi wenyewe tulikuwa tumepewa siku saba! Kibanda kilichojengwa kwa 12,000 kiliuzwa kwa 3,000, kwa hiyo hapo zimepotea 9,000. Halafu kulikuwa na lile daftari la madeni ya wateja, watu wa kula leo walipe Ijumaa. Lilikuwa na 5,800. Ijumaa ilipofika sisi tulikuwa Kayole, na hakuna aliyetufuata kutulipa.

Jumlisha. Ni shilingi 22,300, kwa mwanamke aliyekuwa akiondoka na 400 siku ikiwa njema. Na aliyeandika ile karatasi alitumia nini? Ukurasa mmoja wa daftari na wino wa kalamu.

Sijahesabu mambo yasiyohesabika. Nilibaki nikipanda matatu mbili kila alfajiri kurudi shule yangu ya zamani, kwa sababu mtihani wa KCSE ulikuwa mlangoni na huwezi kuhamia shule nyingine Julai. Sisemi ningepata A. Nilikuwa mwanafunzi wa kawaida. Nilipata C, na kuingia chuo kikuu kulihitaji C+. Sitaki kumtwika mwandishi wa karatasi hesabu yote ya maisha yangu. Lakini nusu alama ile nina haki ya kuiuliza.

Sasa sikiliza kinachonikera zaidi. Uchaguzi ulifanyika na ile nyumba yetu haikuchomwa. Wapangaji wapya waliingia wiki ileile tuliyotoka. Kwa hiyo katika vitabu vya serikali sisi hatumo. Hatukufa, hatukujeruhiwa, hatukulala kambini. Hatukuguswa. Nyumba nne za ploti yetu zilihama kwa karatasi moja, maana wale watatu wengine walisikia tu, wakajiangalia majina yao, wakajua na wao wameandikiwa. Hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye ripoti yoyote. Mtu aliwahamisha watu ishirini na mmoja bila kuinua jiwe, akalala usingizi wake.

Nilipomaliza shule nilikuwa na muda mwingi, na wanaotafuta kazi wanajua muda huo unafananaje. Nikawa nakwenda maktaba. Nilianza na riwaya, nikaishia kwenye sheria. Na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba yule afande alikosea. Kanuni ya Adhabu ya Kenya haisemi rudi ukiguswa. Kifungu cha 223 kinasema anayemfikishia mtu kitisho cha kuua, kwa maandishi au vinginevyo, anaweza kufungwa mpaka miaka 10. Kifungu cha 238 kinahusu vitisho vya kumdhuru mtu au mali yake ili kumtia hofu au kumlazimisha afanye asilopaswa kufanya, na adhabu yake ni mpaka miaka 3. Kitisho chenyewe ndicho kosa. Mama alikuwa na haki ya kuandikiwa OB asubuhi ileile, na kitambaa chake cha kanisani, bila jeraha hata moja.

Jambo la pili nililogundua ni pengo. Vifungu hivyo viwili havikuulizi kwa nini ulichaguliwa wewe. Kwao kitisho cha mtu anayedai pesa zake za kuku na kitisho cha mtu anayetaka kabila lako liondoke ni kitu kimoja. Kumbe si kimoja! Anayenidai naweza kumlipa. Anayenichukia kwa jina la babu yangu nitamlipa nini? Na anayenidai ananitisha mimi. Huyu mwingine ametisha nyumba nne kwa karatasi moja.

Sheria inayotaja kabila tunayo pia. Ni Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya moto wa uchaguzi wa 2007, ule ambao Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Kifungu chake cha 13 kinaadhibu maneno na maandishi ya vitisho au matusi yenye nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au yanayoelekea kuichochea: faini isiyozidi shilingi milioni moja, au jela isiyozidi miaka 3, au yote mawili. Lakini soma vizuri. Kifungu kile kinamtazama msikilizaji. Kinauliza: je, waliosikia walichochewa kumchukia mtu? Karatasi ya chini ya mlango haina msikilizaji ila mimi na mama yangu. Haikuandikwa ili mtu atuchukie. Iliandikwa ili sisi tuogope. Sheria hiyohiyo inataja pia kumsumbua mtu kwa misingi ya kabila na kumjengea mazingira ya hofu. Maneno mazuri sana. Lakini yamelala kitabuni. Pale kaunta hayajafika.

Kwa hiyo tuna sheria moja inayojua kitisho lakini haijui kabila, na nyingine inayojua kabila lakini jicho lake liko jukwaani. Katikati ya hizo mbili ndimo mlimopita ile karatasi yetu, tena kwa raha.

Na huko jukwaani nako, nani anayenaswa? Mwanzoni mwa Januari 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alihukumiwa kifungo kwa sababu ya maneno aliyoandika Facebook. Kesi yake ilikwenda mbio. Juni 2016 wanasiasa wa pande zote mbili walikamatwa kwa tuhuma za uchochezi, wakalala seli za Pangani, na wananchi wakafikiri kumekucha. Waliendelea na siasa zao. Januari 2022, huko Eldoret, seneta mmoja alitumia jukwaani lile neno "madoadoa". Alikamatwa, akaomba radhi, akajieleza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa waziri. Aprili mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilikuwa imetoa orodha ya maneno ya chuki, na "madoadoa" limo.

Hapa nataka kusimama kidogo na waandishi wenzangu. Madoadoa ni neno letu. Ni neno la chui na kanga, la kitenge kizuri, la mwanga unaopenya kwenye majani. Leo ukiliandika kwenye hadithi, msomaji wa Bonde la Ufa anashtuka kwanza. Mtu anapoona watu ni madoa, hatua inayofuata ni kufua. Wametunyang'anya neno na sisi tumenyamaza, halafu tunakutana Jumamosi kujadili vina na mizani.

Najua kuna mwenzangu amekwisha kasirika. Ananiambia: "Ndugu, wewe ni mwandishi na unaitisha jela kwa maandishi? Umesahau historia?" Sijasahau. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa aliyeitwa Abdilatif Abdalla, wa miaka 22, rika letu hasa, aliandika kijitabu kinachoitwa "Kenya: Twendapi?" Alikamatwa, na mwaka 1969 akafungwa miaka mitatu kwa uchochezi. Mashairi yake aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni, yakawa "Sauti ya Dhiki", iliyochapishwa mwaka 1973. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Sheria ile ya uchochezi ilifutwa mwaka 1997, na wala sitaki irudi kwa mlango wa nyuma.

Lakini weka karatasi hizi mbili mezani uzitazame. Ya Abdilatif iliiuliza serikali swali. Yetu ilimpa mama muuza chapati siku saba. Ya kwanza ilitoka chini ikaelekea juu, kwa wenye askari na magereza. Ya pili ilitoka gizani ikaelekea kwa mtu asiye na mlinzi. Ya kwanza ilipata miaka mitatu, ambayo ndiyo adhabu ya juu kabisa ya kifungu cha 13 leo. Ya pili haikupata hata mstari mmoja wa OB. Sasa niambie, katika nchi hii ni maandishi gani yaliyokuwa yakiadhibiwa?

Kipimo si kigumu. Uliza: je, maandishi haya yanamtaka raia afanye jambo asilolazimika kulifanya, kama kuhama, kufunga duka au kutopiga kura, la sivyo ataumizwa, na sababu ni vile alivyozaliwa? Kama ndiyo, hayo si maoni. Hata Marekani, nchi inayojisifu kwa uhuru wa kusema, Mahakama yake ya Juu iliamua mwaka 2003, katika kesi ya kuchoma misalaba jimboni Virginia, kwamba serikali inaweza kumwadhibu anayechoma msalaba kwa nia ya kutisha watu. Ikaongeza kwamba nia hiyo haiwezi kudhaniwa tu, lazima ithibitishwe. Mimi naridhika na hapo. Thibitisheni nia. Lakini kwanza pokeeni karatasi!

Sasa nifike kwenye kiini. Hata kama mwandishi wa karatasi yetu angekamatwa akafungwa miaka mitatu, zile 22,300 zingerudi? Angepigwa faini ya milioni moja akailipa, ingeingia serikalini, na mama asingeona hata ndururu. Ndiyo maana nasema jela peke yake ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kwamba aliyetisha amlipe aliyetishwa.

Si ndoto yangu. Jimbo la Idaho, hukohuko Marekani, lilitunga sheria mwaka 1983 baada ya wabaguzi wa rangi kutisha familia za watu. Sheria ile inamfunga anayemtisha mtu kwa sababu ya rangi, dini au asili yake mpaka miaka 5. Lakini haikuishia hapo. Inampa aliyetishwa haki ya kumshtaki yeye mwenyewe mahakamani na kudai fidia: ya hasara, ya maumivu ya moyo, na gharama za wakili. Na jinsi fidia inavyouma ilionekana katika jimbo hilohilo. Mwaka 1998 walinzi wa kambi ya kundi la Aryan Nations walilifukuza gari la mama mmoja na mwanawe na kulipiga risasi. Mwaka 2000 mahakama iliamuru walipwe dola milioni 6.3. Kundi lilifilisika, likapoteza kambi yake ya ekari 20. Ile ardhi walipokuwa wakifanyia mikutano ya chuki ikaja kugeuzwa bustani ya amani. Miaka mingi ya kulaani kundi lile haikufanya kilichofanywa na bili moja.

Nasi si kwamba hatuna pa kuanzia. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 39, inasema kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini Kenya. Ibara ya 20 inasema haki hizo zinamfunga kila mtu, si serikali peke yake. Ibara ya 22 inakuruhusu kwenda mahakamani haki yako ikivunjwa au ikitishiwa kuvunjwa. Sikia hilo: ikitishiwa! Na Ibara ya 23 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamuru wahasiriwa wanne wa dhuluma za kingono za baada ya uchaguzi wa 2007 walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Kwa hiyo mlango upo. Lakini tazama: kesi ile ilifunguliwa mwaka 2013, na aliyeamriwa kulipa ni serikali kwa kushindwa kazi yake. Maana yake ni mimi na wewe, kwa kodi zetu. Na je, mama yangu atapata wapi wakili wa kesi ya miaka saba kwa shilingi 22,300?

Tunayo Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, iliyoanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Kwa nini isipewe waziwazi madai ya watu waliohamishwa kwa vitisho? Mama aende na karatasi yake, na risiti ya pikapu, na daftari lake la madeni. Aliyeandika alipe. Aliyemtuma alipe mara mbili.

Ndiyo, nimesema aliyemtuma. Hapa ndipo ninapotaka kukiri jambo, maana itakuwa unafiki kuwanyoshea vidole wengine tu.

Julai 2022, tukiwa bado Kayole, jamaa mmoja niliyezoea kumwona kwenye kampeni alinikuta maskani. Akaniita kando kwa heshima kabisa.

"Wewe si ndiye yule mwandishi? Mwandiko wako tunausikia. Nataka uniandikie karatasi ishirini, fupi fupi. Kuna thao yako hapa, na nyingine kazi ikiisha."

"Niandike nini, bro?"

"Kitu cha kuwaamsha tu wale wa ploti za chini. Usiogope, hakuna mtu atawagusa."

Nilikuwa sina hata nauli ya kesho. Nilimwambia nimepata kazi ya mjengo, natoka saa kumi na moja na kurudi usiku, nisamehe. Akacheka, akasema hakuna shida, vijana wa Form Four wako wengi. Sikuandika. Lakini pia sikuripoti. Nilimwogopa, na nilijua nitakachoambiwa kaunta: rudi ukiguswa. Safari hiyo ningeguswa kweli. Siku chache baadaye nilisikia wale wa ploti za chini wamepata karatasi. Nilikwenda kuiona moja. Mwandiko ulikuwa mbaya.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, msidhani hii ni habari ya wanasiasa pekee. Mheshimiwa haandiki karatasi. Hajui hata kukunja. Karatasi tunaziandika sisi, tuliomaliza Kidato cha Nne, wenye mwandiko mzuri na mfuko mtupu. Pengine aliyetuandikia Huruma alikuwa na ndoto kama yangu. Pengine alinunua kitabu kwa ile thao. Hilo halimwondolei deni.

Wapo wanaosema sheria haibadilishi moyo wa mtu. Na wasilazimishe moyo wa mtu! Sihitaji jirani anipende. Nahitaji mlango wangu ufungwe kwa ndani na ufunguliwe asubuhi na mimi mwenyewe.

Basi madai yangu ni haya, na ni machache. Kila kitisho kiandikwe OB siku kinapoletwa, na afande anayekataa kukiandika awajibishwe. Bunge liunganishe vipande vile viwili: kumtisha mtu kwa sababu ya kabila, dini, rangi, asili au ulemavu wake liwe kosa kamili, lenye adhabu kali kuliko kitisho cha kawaida, kwa aliyeandika na kwa aliyelipa. Aliyetishwa apewe njia fupi ya kudai fidia kutoka kwa aliyemtisha. Na anayekwenda kuripoti kama mimi nilivyopaswa kwenda, jina lake lilindwe, maana bila hilo hayo matatu ni hewa.

La mwisho ni la kwetu. Ukifuatwa uandike, kataa. Na ukiweza kufanya nilichoshindwa mimi, kasema.

Ile karatasi mama anayo bado. Ameiweka kwenye Biblia, si kwa utakatifu wake, bali kwa sababu anaamini iko siku mtu ataiomba kama ushahidi. Miaka inapita na hakuna aliyeiomba. Mimi nimeinakili hapo juu neno kwa neno. Kama kuna msomaji wa gazeti hili anayeyatambua maneno yale kuwa yake, kurasa ziko wazi, na aandike. Mwenye hoja tofauti na yangu pia na aandike. Ila aweke jina lake chini, kama mimi.